Umri wa Kusema "Leo Siruki"

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne na wazazi wao, siku ya wazazi, katika shule moja ya sekondari mkoani Arusha.

Mkuu wa shule, walimu, wazazi, na wakubwa zangu wote mlioketi hapa, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Mwalimu wenu wa fizikia aliponipigia simu aliniambia, "Mama, watoto wana swali moja tu: mtu anaanza na miaka mingapi kujifunza kurusha ndege?" Nikamjibu kwamba hilo ni la dakika moja. Basi nalijibu sasa hivi, ili aliyekuja kwa ajili yake alipate mapema, halafu naomba mnivumilie nieleze kwa nini namba hizo zimewekwa pale zilipo. Huko ndiko nilikoona watu wakijikwaa, watoto na wazazi wao, kwa miaka yote niliyofundisha.

Kwa kanuni zetu Tanzania, na majirani zetu Kenya vilevile, leseni ya rubani mwanafunzi unaipata ukitimiza miaka 16. Ukifika 17 unaweza kupewa leseni ya rubani binafsi: unarusha ndege, unampakia mama yako na wadogo zako, ila hulipwi hata senti. Ukifika 18 unaweza kupata leseni ya biashara, ambayo ndiyo ya mshahara. Na 21 ni ya leseni ile ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria. Hizo tatu za mwisho hatukuzibuni sisi. Zimetoka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililozaliwa na mkataba uliosainiwa Chicago mwaka 1944, na ndiyo maana leseni ya hapa inaeleweka hadi Ulaya. Kwa puto la hewa ya moto, kama yale yanayopaa Serengeti alfajiri, kiwango cha kimataifa ni 16.

Jibu ndilo hilo. Sasa tuzungumze.

Wazazi wenzangu wa umri wangu mnakumbuka tulivyoandikishwa darasa la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba. Mwalimu mkuu alikusimamisha mbele ya meza, akakwambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Ukiligusa, umekua, ingia darasani. Usipoligusa, rudi nyumbani, njoo mwakani. Mimi nilirudishwa. Mwaka uliofuata baba hakutaka aibu ile ijirudie, kwa hiyo alipoulizwa mwaka niliozaliwa akautaja uliotangulia, ili nionekane mkubwa. Nikagusa sikio, kwa shida, nimeinamisha shingo. Mwaka ule wa uongo ukaandikwa kwenye rejista na ukanifuata hadi kidato cha nne.

Nilikuja kukutana nao mwaka 1988, Nairobi, uwanja wa Wilson. Nilikuwa nimefika kwa mjomba wangu, nimeshikilia karatasi zangu za shule zinazosema nina miaka 16. Mkufunzi aliyenipokea alikuwa mzee mkimya. Akasoma cheti cha shule, akasoma cheti cha ubatizo, akavipanga mezani sambamba, akaniuliza, "Binti, wewe umezaliwa mara mbili?" Nikanyamaza. Angeweza kufumba macho. Mjomba alikuwa ameshalipa malipo ya kwanza, na ndege ilikuwa pale nje. Akasema, "Utakuja ukifika 16 ya kweli." Ilikuwa imebaki miezi kumi.

Nililia njia nzima hadi Eastleigh. Lakini hakunifukuza. Jumamosi na Jumapili alinikubalia nije. Nilifagia banda, nikaosha ndege, nikajifunza kusoma ripoti ya hali ya hewa, na pakiwa na nafasi nilikaa kiti cha nyuma nikimwangalia anavyofundisha. Katika miezi ile kumi nilimwona akiwarudisha wateja waliokuwa wameshalipa, zaidi ya mara moja, kwa sababu ya wingu ambalo mimi nililiona la kawaida. Watu wazima, wenye pesa, wenye haraka, wanamfokea. Naye anafunga mlango wa ndege taratibu, anasema, "Leo siruki." Naamini hadi leo kwamba somo lililoniweka hai ni lile.

Wanangu, nisikilizeni hapa. Ile 16 haikuwekwa kwa sababu mtoto wa miaka 13 hawezi kushika usukani. Anaweza. Ndege ndogo ya mafunzo ina usukani kushoto na mwingine kulia, pedali kushoto na kulia. Mtoto akikosea, mkufunzi anashika. Nimewaona watoto wenye mikono mitulivu kuliko ya watu wazima. Zipo nchi zinazomruhusu mtoto akae na mkufunzi na kushika usukani akiwa mdogo zaidi yenu, na Uingereza na Marekani kijana wa miaka 14 anaweza kurusha peke yake ndege isiyo na injini, ile inayoelea kwa mabawa tu. Lakini kwa ndege ya injini hukohuko kwao wamesimama pale pale: 16 kuruka peke yako, 17 leseni. Kote kinacholindwa kwa namba ile ni dakika moja, pale mkufunzi anapofungua mlango wa upande wake, anashuka, anaufunga, na wewe unabaki humo ndani.

Niwaeleze dakika hiyo, maana wengi wenu mtaifikia. Mmekuwa mkizunguka uwanja asubuhi nzima, kupaa na kutua, kupaa na kutua. Mkufunzi anakwambia simama pembeni. Anazungumza na mnara wa kuongozea ndege, anawaambia kwamba sasa ni mwanafunzi peke yake. Anashuka. Kiti cha kulia kimebaki na mkanda uliofungwa juu ya kiti kitupu ili usije ukaingia kwenye usukani. Unasukuma nguvu ya injini, na ndege inapaa kabla hujategemea, kwa sababu kilo 80 ulizozizoea zimeshuka. Kelele ni ileile lakini hakuna sauti ya mtu. Na ukifika juu huwezi kuegesha pembeni ukafikiri. Aliyeshuka pale kwenye mlango hawezi kukushusha kutoka kule. Utatua mwenyewe.

Kwa hiyo sheria inamuuliza kijana: kabla hujafika kwenye dakika hiyo, je, una uwezo wa kusema hapana? Hapana kwa mawingu, hapana kwa baba, hapana kwa hamu yako mwenyewe. Hilo ndilo sikio letu sisi marubani. Kugeuza ndege kushoto na kulia unafundishwa kwa wiki mbili tatu. Kukataa kunahitaji mtu awe ameanza kukomaa.

Wazazi, sasa naongea na nyinyi. Tarehe 10 Aprili 1996, huko Marekani, mtoto wa kike wa miaka saba, Jessica Dubroff, aliondoka Half Moon Bay, California, kuvuka nchi nzima kwa ndege ndogo aina ya Cessna 177. Walitaka awe mtoto mdogo kuliko wote kufanya hivyo. Alikaa kiti cha mbele kushoto, juu ya mto wa kumwinua aone nje, na pedali zilirefushwa ili miguu ifike. Kulia alikaa mkufunzi, nyuma alikaa baba yake mzazi. Waandishi wa habari walikuwa wakiwasubiri kila kituo. Usiku wakalala Cheyenne, Wyoming. Asubuhi ya tarehe 11 kulikuwa na mvua, upepo wa vishindo, na radi ikisogea uwanjani. Ratiba ilisema waondoke. Wakaondoka. Ndege haikufika mbali, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, na wote watatu wakafa.

Wachunguzi walipomaliza kazi yao hawakumlaumu mtoto. Walisema uamuzi wa kupaa ulikuwa wa mkufunzi, aliyekuwa rubani kamili na ndiye msimamizi wa safari ile. Ndege ilizidi uzito unaoruhusiwa. Na Cheyenne iko juu, zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyembamba. Mkufunzi alizoea kuruka pwani. Hewa nyembamba inalinyima bawa nguvu ya kubeba na inainyima injini pumzi. Nawaeleza hili kwa makusudi kwa sababu uwanja wetu wa Kisongo hapa uko zaidi ya futi 4,500, na Wilson ya Nairobi zaidi ya futi 5,500. Ndege ile ile, mizigo ile ile, inayopaa vizuri Tanga au Zanzibar, saa nane mchana wa jua kali hapa Arusha inavuta njia ndefu sana kabla ya kuachana na lami. Hii si habari ya Wamarekani peke yao.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Bunge la Marekani likatunga sheria. Wengi wanadhani sheria ile ilizuia watoto kushika usukani. Haikuzuia. Ilichokataza ni kumweka kwenye usukani mtu asiye na leseni ili kutafuta rekodi, mashindano au sifa. Nimeifikiria sheria hiyo mara nyingi, na naona waliipatia. Walitambua kwamba hatari haikukaa kwenye mikono midogo ya mtoto. Ilikaa kwenye kamera, kwenye ratiba, na kwenye watu wazima wawili ambao hakuna aliyeweza kusema tulale Cheyenne siku moja zaidi.

Miaka miwili kabla ya hapo, Machi 1994, ndege ya Aeroflot safari 593 ilikuwa njiani kutoka Moscow kwenda Hong Kong usiku. Nahodha mmoja alikuwa amewachukua watoto wake, na kwa mapenzi ya mzazi akawakalisha kwenye kiti chake kwa zamu. Kijana wake wa miaka 15 aliusukuma usukani kwa nguvu na kwa muda wa kutosha hadi sehemu ya mfumo wa ndege kujiendesha ikajiachia bila kengele kulia. Ndege ikaanza kulala upande. Walipong'amua, hawakuweza tena kuiokoa. Watu 75 walikufa Siberia. Nasema tena, wa kulaumiwa hakuwa yule kijana. Alikaa pale kwa sababu mkubwa hakusema hapana.

Sisi wazazi wa Kiafrika tunajua kusema hapana kwa watoto. Tunachopata shida nacho ni kumruhusu mtoto atuambie sisi hapana. Nami nawaomba hilo, kama kweli mnataka mtoto wenu awe rubani. Mzoesheni nyumbani. Mtoto anayeweza kumwambia baba yake kwa adabu, "Baba, gari hili breki zake sizielewi, nisingependa tuondoke leo," na baba asimkaripie, huyo ameanza masomo ya urubani bila ada.

Niwape mfano wa hapa hapa. Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa miaka 17, siku yake ya kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Familia ilikuja yote. Shangazi zake walivaa sare za kitenge, keki ilikuwa kwenye buti la gari, baba ameshika simu tayari kupiga picha. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya kila safari tunachukua mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwa kikombe cha plastiki kinachoona ndani, tunakiinua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi ni ya rangi ya bluu hafifu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo yanakaa chini, hayana rangi, yanacheza kama ushanga. Binti akainua kikombe. Ushanga ulikuwepo. Akamwaga kwenye ndoo, akachukua tena. Upo. Mara ya tatu, upo, tena mkubwa zaidi.

Mimi nilisimama hatua kumi nyuma, nikajilazimisha nisiseme neno. Alikaa ameinua kile kikombe kwa muda. Kisha akakifuta, akakirudisha kwenye mfuko wa mlango, akaja hadi nilipo. Hakuangalia upande wa shangazi zake. Akasema, "Mwalimu, leo siruki." Sauti ilimtetemeka lakini alilisema lote.

Fundi aligundua kwamba mpira wa kifuniko cha tangi juu ya bawa umechakaa, mvua inapenya. Injini ingeweza kuzima wakati wa kupaa, pale ambapo huna urefu wa kugeuka wala uwanja mbele yako. Siku tisa baadaye aliruka. Keki ilikuwa imeliwa zamani. Kwenye fomu yake niliandika kwamba yuko tayari kwa tarehe ile aliyokataa, kwa sababu mimi namhesabia kuanzia pale.

Sasa wale mnaopiga hesabu kwamba mmechelewa. Kuna kijana hapa amenidokeza mlangoni kwamba ana miaka 19 na anaona ameachwa. Mwanangu, hujaachwa. Bessie Coleman, mwanamke Mmarekani mweusi, alipata leseni yake mwaka 1921 akiwa na miaka 29, na ilimbidi ajifunze Kifaransa na kwenda Ufaransa kwa sababu shule za kwao zilimkataa kwa rangi yake na kwa kuwa mwanamke. Umri haukumzuia. Kwa leseni ya rubani binafsi hakuna umri wa juu. Ukiwa na afya, ruka hata ukiwa babu. Ukomo uko kwenye ndege za abiria za kimataifa, ambako rubani akifikisha miaka 65 anashuka kwenye kiti hicho. Hesabu basi: kutoka 25 hadi 65 ni miaka 40 ya kazi. Nani kati yetu hapa ana kazi ya miaka 40?

Tena umri unafungua mlango tu. Leseni ya binafsi inataka saa 40 angani, au 35 ukisoma kwenye shule iliyoidhinishwa, na kati ya hizo angalau 10 uwe peke yako, pamoja na safari moja ya kilomita 270 inayotua viwanja viwili tofauti. Leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ile ya nahodha ni saa 1,500. Ndiyo maana huoni nahodha wa miaka 18 hata kama sheria isingemzuia.

Na tafadhali, hili nimeliona likiliza familia. Watu wanauza shamba, wanalipa ada, mtoto anaanza, halafu ndipo anapelekwa kwa daktari wa usafiri wa anga, anagundulika na tatizo la moyo au la kutofautisha rangi. Anzeni na daktari. Mwanafunzi anahitaji cheti cha afya cha daraja la pili, lakini kama lengo ni ajira mwambieni daktari ampime kwa daraja la kwanza tangu mwanzo, kabla ya shilingi moja kulipwa shule ya urubani. Miwani haimkatazi mtu kuwa rubani, ikiwa inamfanya aone inavyotakiwa. Nawaambia kwa sababu kila mwaka nakutana na mtoto aliyekata tamaa kwa sababu ya miwani tu. Na msilipie saa za kuruka za mtoto ambaye hajafika 16 kabla hamjaiuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa maandishi kama saa hizo zitahesabiwa.

Nyinyi ambao mna miaka 14 na 15, kazi ipo. Hesabu na fizikia mnajua. Kiingereza msikidharau, maana tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa anapimwa ufasaha wa kuzungumza redioni, na nimeona vijana wenye akili nyingi wakikwama hapo. Nendeni Kisongo, simameni nje ya uzio, tazameni upepo unavyocheza na kile kitambaa cha kuonyesha upepo kabla ya ndege kutua. Andikeni mnachokiona. Mimi nilianza hivyo, na ufagio mkononi.

La mwisho ni karatasi. Kidato cha nne mnakaribia kujaza fomu za Baraza la Mitihani, na tarehe mtakayoiandika pale itawafuata kama yangu ilivyonifuata. Kama tarehe ya shule na ya cheti cha kuzaliwa hazifanani, rekebisheni sasa, na mrekebishe kuelekea kwenye ukweli. Mzazi yeyote aliyekuja akitaka nimsaidie kuongeza mwaka, nimemsikia pale nje, na jibu langu ni lile la mzee wa Wilson. Mkuu wa shule ameniruhusu nitumie ile meza iliyo chini ya mwarobaini. Mwalimu wa taaluma ameshaleta rejista. Waliokuja na vyeti waje navyo, tuviweke sambamba, tuangalie tarehe moja moja, kabla wapishi hawajatuita.